Siku ya malipo iwe na meza moja tu

Hotuba kwa madiwani, watendaji wa kata na vijiji na maafisa ugani, Moshi

Waheshimiwa madiwani, ndugu watendaji, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, maafisa ugani, wazee wangu na ndugu zangu wote mliofika. Salamu za dini zote mmeshapewa na walionitangulia, tena kwa ufasaha kuliko wangu, kwa hiyo naomba niingie kwenye shughuli. Nimeombwa nizungumzie fedha taslimu wanazopewa watu wa kaya maskini vijijini: zinawainua au zinawadekeza? Ndivyo barua ya mwaliko ilivyouliza, na nitajibu. Ila nawaambia mapema kwamba jambo lililonileta hapa ni jingine, nalo linatuhusu sisi tunaokaa upande huu wa meza.

Hili la kudekeza nashangaa kulisikia Moshi. Sidhani kama kuna watu katika nchi hii wanaoifahamu fedha ya kutumiwa kuliko watu wa mlima huu. Bibi wa Uru au wa Marangu ana mtoto Dar es Salaam, ana mwingine Mwanza, pengine na wa tatu yuko nje ya nchi. Simu inalia, ujumbe unaingia, bibi anajifunga kanga anateremka kwa wakala. Sijapata kusikia mtoto anayemwambia mama yake athibitishe kwanza kwa maandishi kwamba hiyo elfu thelathini haitaishia kwenye pombe ya mbege. Tunaamini mama anajua nyumba yake inavuja wapi. Lakini fedha hiyo hiyo ikitoka serikalini kwenda kwa bibi wa jirani, ambaye hana mtoto mjini, ghafla kila mtu anataka kumchungulia kikapuni.

Na huyo bibi wa jirani yupo. Mkoa wetu unahesabiwa miongoni mwa iliyo afadhali, na kila Desemba barabara ya Himo inajaa magari yanayorudi nyumbani, basi mgeni anaona mabati ya rangi na mageti akadhani huku hakuna shida. Maskini wa kijiji chenye watu wenye uwezo amejificha zaidi kuliko maskini wa kijiji ambacho wote wamepungukiwa. Anaona haya kusimama kwenye mkutano wa hadhara wakati majina yanatajwa. Huko tambarare, Mabogini au Kahe, watu wanataja hali zao waziwazi. Huku juu, mtu anaweza kuwa na kihamba, shamba la urithi la nyumbani, kilichogawanywa mara tatu hadi kikabaki migomba ya kuhesabika, na bado akasema mbele ya watu kwamba yeye yuko sawa. Watendaji mnaosimamia utambuzi wa kaya, hilo mlizingatie. Dodoso halina swali linalopima kuona haya.

Sasa tuje kwenye ulevi, maana najua ndio uliomo vichwani. Mwaka 2014 watafiti wawili, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti 19 zilizofanyika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuangalia kama watu wanaopewa fedha taslimu huongeza matumizi ya pombe na sigara. Kwa ujumla hawaongezi, na kuna mahali yalipungua kidogo. Anayetaka kubishana na hilo aje na utafiti, asije na habari ya jirani yake mmoja aliyeonekana kilabuni siku ya malipo. Huyo jirani namfahamu. Alikuwa kilabuni hata kabla mpango haujaanza.

Hapa kwetu Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa, zahanati na visima. Kumpa mtu fedha mkononi kulikuja baadaye, kwa majaribio katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vilichaguliwa vijiji 80. 40 vikaanza kupokea, 40 vikasubiri, ili tofauti ionekane. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, na kufikia mwaka 2012 wapimaji walipohitimisha kazi waliona mambo ambayo yanastahili kusomwa polepole. Kaya zilizopokea zilikuwa na mbuzi na kuku wengi zaidi. Zilikuwa na kadi za CHF, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, kwa wingi kuliko zile zilizosubiri. Watoto walinunuliwa viatu. Tena, mwanzoni watu wa kaya hizo waliongezeka kwenda zahanati, halafu baadaye safari za zahanati zikapungua, kwa sababu siku za kuugua nazo zilipungua. Tajeni mwekezaji yeyote hapa Moshi mjini ambaye ukimpa shilingi elfu chache kwa mwezi atakuonyesha mbuzi, kadi ya matibabu na mtoto aliyevaa viatu.

Ni kutokana na majaribio hayo Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulienea nchi nzima kuanzia mwaka 2012, ukafikia kaya zaidi ya milioni moja, na kipindi cha pili kikazinduliwa Februari 2020.

Fedha yenyewe ni kiasi gani? Tuichambue, maana wengi wanaoisema hawajawahi kuihesabu. Chukueni viwango vya kipindi cha kwanza: ruzuku ya msingi shilingi 10,000 kwa mwezi, nyongeza ya 4,000 kwa kaya yenye watoto, na 2,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, huku kiwango cha juu kabisa kwa kaya yoyote kikiwa 38,000. Bibi anayelea wajukuu watatu walio shule ya msingi anapata 20,000 kwa mwezi, 40,000 kwa dirisha, yaani awamu ya malipo, la miezi miwili. Wagawieni watu wanne kwa siku 60: shilingi 167 kwa mtu kwa siku. Nendeni pale stendi mkaombe chai ya maziwa kwa shilingi 167 mwone mtakavyojibiwa. Hiyo ndiyo fedha tunayoogopa itawafanya watu waache kulima.

Nasisitiza udogo huu kwa sababu kuna habari kubwa kubwa zinazotoka ng'ambo ya mpaka, na watu wanazichanganya na za kwetu. Kule Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya, kati ya 2011 na 2013, shirika la GiveDirectly lilitoa fedha bila masharti kwa kaya zilizokuwa zikiishi kwenye nyumba za nyasi. Nyingine zilipata takriban dola 404, nyingine dola 1,525, kwa hesabu inayozingatia unafuu wa bei za kule. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuatilia. Watu waliezeka bati, walinunua mifugo, walikula vizuri zaidi, na hata mioyo yao ilitulia. Baadaye, hapo hapo Siaya, likafanyika jaribio kubwa zaidi: vijiji 653, kaya zaidi ya 10,500, takriban dola 1,000 kila moja. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Kila dola iliyoingia ilizalisha shughuli za kiuchumi zenye thamani ya kama dola mbili na nusu katika eneo lile, wasiopewa nao maisha yao yakapanda, na bei za bidhaa zikapanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Wale wanaosema fedha za maskini zitapandisha bei ya unga gengeni, majibu yao yako Siaya.

Lakini dola 1,000 si 40,000 kwa dirisha. Siwezi kusimama hapa nikawaahidi kwamba kijiji cha Moshi Vijijini kitakuwa kama Siaya kwa fedha ya kununulia sare na daftari. Ninachokichukua kutoka Rarieda ni kitu kimoja ambacho wengi wanakiruka. Baadhi ya kaya kule zilipewa fedha yote kwa mkupuo, nyingine zilipewa kiasi hicho hicho kidogo kidogo kila mwezi. Waliopewa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu. Waliopewa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula. Kiasi ni kile kile, umaskini ni ule ule, ila namna fedha ilivyofika ilibadilisha kile ilichoweza kufanya nyumbani. Kwa maneno mengine, sisi tunaopanga tarehe na utaratibu wa malipo tunaamua mambo ndani ya nyumba za watu, tupende tusipende.

Tutazameni kalenda ya huku. Masika yanaanza Machi. Anayelima mahindi na maharage tambarare anataka mbegu na kibarua wa kumsaidia kupanda kabla au mara tu mvua inapotua. Fedha ya dirisha ikifika mwanzoni mwa Machi ni mbegu. Ikifika katikati ya Mei, shamba limeshapandwa kwa mbegu za ghalani au halikupandwa kabisa, na fedha hiyo itakuwa ya kulipa deni la unga. Kwenye taarifa ya halmashauri zote mbili zinaandikwa "malipo yamefanyika". Hakuna safu inayoonyesha kwamba moja ilikuwa mavuno na nyingine ilikuwa deni.

Na hilo deni lina mwenyewe. Mwenye duka la kijijini anajua nani ni mlengwa, yaani nani anapokea ruzuku. Tarehe ikiwa inajulikana, anakopesha kilo mbili za unga bila wasiwasi na kwa bei ya kawaida. Tarehe ikianza kuyumba, wiki ikawa mwezi, anaongeza bei ya mkopo au anakataa, na mama anaangukia kwa wakopeshaji wa kausha damu. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii miaka mingi ya kutosha kusema hivi bila kusitasita: ukiniambia nichague kati ya kuongeza elfu tano kwenye ruzuku na kuhakikisha inafika tarehe ile ile kila dirisha, nachagua tarehe. Wachumi wanaweza kunipinga. Walengwa wenyewe hawatanipinga, waulizeni.

Sasa nifike kwenye meza.

Katika kijiji kimoja cha tambarare, sitakitaja, nilisimama pembeni nikaangalia malipo yanavyokwenda. Walengwa walikaa chini ya mti tangu asubuhi, wengi wao akina mama na wazee. Meza ya kwanza ilikuwa ya malipo: jina, kitambulisho, kidole gumba, fedha. Bibi mmoja alihesabiwa 40,000. Alizihesabu tena mwenyewe, akazifunga kwenye pindo la kanga, akafanya fundo. Hatua nane mbele palikuwa na meza ya pili, na njia ya kutokea ilikuwa inapita hapo hapo. Mezani kulikuwa na vitabu vya stakabadhi. Bima, 10,000. Mchango wa darasa, 5,000. Mwenge, 1,500. Bibi akafungua fundo lake alilolifunga muda si mrefu, akatoa, akarudishiwa chenji, akafunga tena. Alitoka pale na 23,500. Hakulalamika, hata uso haukubadilika. Nilipomuuliza kama alikuwa anajua atakatwa, alisema, "Huwa kuna meza, mwanangu. Sijui tu safari hii watataka kiasi gani."

Hilo la mwisho ndilo linalonikera kuliko 16,500 yenyewe. Mtu mwenye shilingi 167 kwa siku anapanga mambo yake kwa uangalifu ambao mimi na nyinyi wenye mishahara hatuujui. Anajua kiatu cha mjukuu kinasubiri dirisha lipi na kuku wa kununua ni wangapi. Tukimwekea meza asiyojua itataka kiasi gani, tunamnyang'anya uwezo wa kupanga, na kile kilichofanya mbuzi waonekane kule Chamwino kinakufa hapo. Halafu mwaka unaofuata tunaandika kwamba walengwa "hawana mwamko wa kujiinua".

Najua hoja zenu, maana nami niliwahi kukaa kiti chenu. Mtasema michango ni ya wote, na maskini naye mtoto wake anasoma kwenye darasa hilo. Kweli kabisa. Basi idaiwe kwa wote, siku ya wote, kwa utaratibu uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, na stakabadhi itolewe. Mwenye nyumba ya ghorofa hapa kijijini hakuna aliyemvizia mlangoni kwa benki siku anayotoa fedha zake. Mtasema bima ni kwa faida yake mwenyewe. Nakubali, kule kwenye majaribio watu walijiunga na CHF kwa wingi. Basi muelimisheni, mpeni fomu, aje alipe kwa mguu wake wiki inayofuata. Na mtasema tukiwaacha waende na fedha hatutawapata tena. Hapo ndipo mnaposema ukweli wenu, na ukweli huo ni kwamba mlengwa amekuwa mtu pekee kijijini ambaye siku na saa aliyo na fedha inajulikana kwa serikali. Huo ni udhaifu wake. Si vizuri kuutumia.

Wengine mtaniambia kwamba siku hizi malipo yanapita kwenye simu na benki, meza zinakwisha zenyewe. Zinapungua, ndiyo, na nashukuru. Lakini bibi asiyejua kusoma ujumbe anampa mjukuu simu, au anampa wakala namba yake ya siri, na hapo meza ya pili imehamia kibandani bila kitabu cha stakabadhi. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwakusanya walengwa wake jioni moja akawafundisha jambo moja tu: namba ya siri haitajwi kwa mtu, hata kwa mjukuu mpendwa.

Kuhusu masharti nitapita haraka. Mtoto ahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo, mtoto mdogo apelekwe kliniki, la sivyo ruzuku inapungua. Wapo wanaoyapenda sana masharti. Zomba, Malawi, mwaka 2008 na 2009, watafiti waliwapa baadhi ya wasichana fedha kwa sharti la shule na wengine bila sharti lolote. Wenye sharti walibaki shuleni zaidi. Wasio na sharti waliolewa wachache na walipata mimba wachache, hasa wale waliokuwa wameshaacha shule, kwa sababu ruzuku yao haikukatika walipotoka darasani. Kwa hiyo sharti lina faida yake na lina watu linaowaacha nje, na mara nyingi linaowaacha nje ndio wenye hali mbaya zaidi. Mwalimu anayejaza fomu ya mahudhurio ajue kwamba alama ya "hayupo" aliyoiweka kwa mtoto aliyekuwa anamuuguza bibi yake inapunguza unga nyumbani. Ajaze ukweli, lakini aulize kwanza.

Maafisa mifugo, msidhani nimewasahau. Mlengwa wa huku akipata ziada kidogo ananunua kuku wa kienyeji. Ni busara: kuku anauzika siku yoyote, hahitaji shamba, na mtoto akiugua usiku asubuhi kuku anakwenda sokoni. Halafu kideri kinapita. Ndani ya wiki moja banda zima limekwisha, na fedha za madirisha mawili zimefukiwa shimoni. Nimeona mama akilifunga banda kwa waya akasema hafugi tena. Chanjo ya kideri ni tone moja kwenye jicho la kuku, inarudiwa kila miezi mitatu, na chupa moja inatosha kuku wengi kiasi kwamba majirani wakichangishana kila mmoja anatoa fedha kidogo sana. Kinachokosekana ni mtu wa kuileta ikiwa bado ya baridi na kuwaambia watu siku. Mnajua siku ya malipo kabla yetu sote. Kwa nini ratiba ya chanjo isiwekwe siku mbili tatu baada yake, kitongoji kwa kitongoji? Hiyo haihitaji bajeti mpya wala semina. Mkiweza hilo, mtakuwa mmeisaidia ruzuku kuliko nyongeza yoyote ambayo Dodoma inaweza kutupitishia mwaka huu.

Na kwa waheshimiwa madiwani: fedha mkononi haijengi zahanati, haichimbi kisima, haimleti mganga. Kuna watu wanaoipenda ruzuku kwa sababu inawaondolea mzigo wa kujenga. Mama aliyepewa sharti la kumpeleka mtoto kliniki, na kliniki haina dawa, anakuwa amepewa adhabu iliyovaa nguo ya msaada. Kwenye vikao vyenu vya bajeti msikubali mstari mmoja ufutwe kwa kuonyeshwa mwingine.

Ninachoomba kutoka kwenu leo ni kidogo. Tarehe ya dirisha ikishatoka halmashauri, ibandikwe siku hiyo hiyo kwenye ofisi ya kijiji, dukani, msikitini na kanisani, na ikibadilika tangazo jipya libandikwe na sababu yake. Siku ya malipo kituoni pawe na meza ya malipo, basi. Mtendaji mwenye mchango wa kukusanya aupangie siku nyingine, isiyopungua wiki mbili baadaye, na aanze kwa wenye uwezo. Mwenyekiti wa halmashauri amenihakikishia kabla sijapanda hapa kwamba hilo linaweza kuingia kwenye waraka wa robo ijayo, nami nimesema mbele yenu ili asipate pa kukimbilia.

Karibuni kwa maswali. Naona mkono wa mtendaji kule nyuma umekuwa juu tangu nilipotaja madarasa, kwa hiyo tuanze na yeye.